Sime Chini ya Kwapa la Kulia

Wenye masikio mpo?

Tupo, na tumeyafungua.

Niilete au niiache ilikolala?

Ilete, uiweke katikati yetu.

Basi sogeeni, maana hii haina sauti kubwa. Kabla sijaianza, nina fumbo. Nimetembea nalo tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nimewauliza wahunzi, hawakulijua. Nimewauliza waamuzi wa kesi, wakakohoa. Nimewauliza wanawake waliozaa na kuzika, wakaniambia niwapishe njia. Fumbo lenyewe ni hili. Watu watatu walisimama mchana kweupe mbele ya umati. Wa kwanza akasema kweli. Wa pili akasema kweli. Wa tatu akasema kweli. Zile kweli tatu zikakaa pamoja, na kabla jua halijashuka zikawa zimezaa dhuluma. Mzazi wake ni yupi?

Msinitazame hivyo. Nimesema silijui.

Hapo kale, watu walipokuwa wakijuana nia kwa kutazamana mikanda, palikuwa na mlima mmoja, mfereji mmoja na vijiji viwili. Kijiji cha Juu kilikuwa na chemchemi. Kijiji cha Chini kilikuwa na mashamba mapana, na njia ya kwenda kwenye magadi na chumvi ilipita kwao. Maji yalishuka, chumvi ilipanda. Ndivyo walivyoishi, wakioleana na kutaniana, mpaka walipoanza kupigana.

Katika kijiji cha Juu alikaa mwanamke jina lake Mkamburi. Kazi yake ilikuwa kushona ala. Sime mnaijua: kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, hakikunjwi, hakitiwi mfukoni. Ala ndiyo nyumba yake ya ngozi. Mkamburi alizishona kwa ngozi ya ng'ombe, na mdomoni mwa kila ala akaweka kipande kigumu walichokiita ulimi, kinachoubana mpini ili sime isichomoke mtu anapokimbia. Hapakuwa na mwanamume wa Juu ambaye sime yake haikulala ndani ya mshono wa Mkamburi. Hata wa Chini, kabla ya ugomvi, walikuwa wakipanda kwake.

Na katika nchi ile sime haikuvaliwa ovyo. Watoto walifundishwa kwa wimbo kabla hawajaruhusiwa kugusa mpini:

Mgongoni, nakwenda kulima.
Kushoto, usinisogelee.
Kulia, nimekuja kula.

Mnaufahamu? Ngoja niwafungulie. Mtu aliyekwenda shambani alining'iniza sime mgongoni, mpini nyuma ya bega. Huyo ukimkuta njiani unamsalimu na kumwuliza habari za mihogo. Mtu aliyekwenda vitani aliivaa nyongani kushoto, mpini mbele. Mkono wa kulia unapita tumboni, unashika, unavuta, basi. Ukimwona huyo, pisha. Na mtu aliyekwenda kwa watu kwa amani aliifunga juu, chini ya kwapa la kulia, mpini ukitazama mbele. Jaribuni wenyewe. Mkono wa kulia hauwezi kuitoa sime hapo. Kiwiko kinagonga mbavu, na kisu ni kirefu kuliko nafasi iliyopo.

Mtauliza, kwa nini basi asiiache nyumbani? Watu wale walisema asiye na sime ameificha. Na kama hakuificha, basi amewadharau wenyeji, amewaona si watu wa kubebewa silaha.

Tena kwenye karamu ya suluhu walikuwa na desturi nzuri kuliko zote. Nyama ikishaiva, kila mtu alisimama mbele ya adui yake, akainua mkono wa kulia juu, akaliacha kwapa wazi. Adui ndiye aliyekuchomolea sime yako. Nawe ukamchomolea yake. Kila mmoja akamkatia mwenzake nyama kwa kisu cha mwenzake. Waliokatiana hivyo hawakupigana tena maisha yao yote.

Ilikuwa desturi nzuri. Nasema hivyo ili msije mkadhani nawacheka.

Sasa, Mkamburi na mumewe Maghanga walipata mtoto mmoja tu, wa kiume, wakamwita Righa. Mtoto alipoanza kushika vitu, Mkamburi akaona kwamba ni mashoto. Kijiko kushoto. Jiwe kushoto. Hata ziwa la mama alilikamata kwa mkono wa kushoto. Mwanzo Mkamburi alimfunga mkono ule kwa ukanda wa ngozi. Mtoto akalala njaa siku mbili. Kisha akaupaka shubiri. Mtoto akauzoea uchungu. Mwisho akaacha kupigana nao, akamfundisha kuuficha. Alikula kwa kulia, akasalimu kwa kulia, akalima kwa kulia. Watu walimwona kijana mzito kidogo wa mikono, mwenye aibu, wakasema amemfuata babu yake. Alipopewa sime aliivaa kama wenzake. Hakuna aliyejua, isipokuwa mama mtu.

Ukaja mwaka wa jua. Maji yalipopungua, watu wa Juu wakayageuzia mashambani mwao. Watu wa Chini wakapanda asubuhi moja kuja kuufungua mfereji. Walikutana penye mgawanyo wa maji, na kila mtu alikuwa amevaa kushoto. Maghanga alikuwa mbele, mwanawe hatua mbili nyuma yake. Kijana mmoja wa Chini, mtoto wa Mzee Kitawi, akamjia Maghanga. Righa akaiona sime ikipanda. Mkono wake wa kushoto ukaruka wa kwanza, maana ndio uliokuwa mkono wake. Ukaukuta mpini uko upande uleule wa kwake, umekaa pabaya, haushikiki. Mkono wa kulia ukafika ukiwa umechelewa. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa pumzi moja. Katika pumzi hiyo Maghanga alikwisha kuanguka.

Walipomaliza matanga, Righa alimweleza mama yake jinsi ilivyokuwa. Alieleza mara moja, hakurudia. Mkamburi aliichukua ala ya mwanawe, akaichunguza, akachukua kisu chake kidogo cha kazi, akaupunguza ule ulimi wa mdomoni. Akapunguza, akapunguza, akapunguza, mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akamrudishia. Hakumwambia ni kwa nini, naye hakuuliza.

Nani wa kumlaumu? Alikuwa amezika mmoja.

Ikapita misimu miwili. Juu walikuwa na maji hawana chumvi. Chini walikuwa na chumvi hawana maji. Yule kijana aliyemwua Maghanga alikimbilia nchi ya mbali, hakujulikana alipo. Watoto wa Chini walianza kuvimba matumbo, ng'ombe wa Juu walianza kulamba kuta za nyumba. Hatimaye wazee wakatumiana salamu. Wakakubaliana siku, wakakubaliana mahali, palepale penye mgawanyo, juu ya majabali. Saba watoke Juu, saba watoke Chini. Ng'ombe dume mmoja wa suluhu, waliyemnunua kwa pamoja. Na kwa sababu damu ilikuwa imemwagika, mtoto wa marehemu akae mstari wa mbele, uso kwa uso na baba wa muuaji.

Msemaji wa Juu alikuwa mtu aitwaye Mwakio. Mwembamba, mcheshi, mwenye ulimi uliotoka katika kila shimo ulimoingia. Ndiye aliyekwenda kwa Mkamburi kumwambia kwamba Righa lazima aende. Alisema bila mtoto wa Maghanga hakuna suluhu, bila suluhu hakuna chumvi, na alimwomba amshonee mkanda wake uliokatika. Mkamburi akamshonea.

Asubuhi ya siku yenyewe, Righa alisimama mlangoni, sime mkononi.

"Mama, niivae wapi?"

"Kulia, kama wenzako."

"Kulia ndiko ninakoweza kuitoa."

"Hawajui."

"Mimi najua. Nitakaa mbele ya baba wa aliyemwua baba, na sime yangu iko tayari kuliko ya askari yeyote. Nikivaa kushoto, sitaweza kumdhuru mtu."

"Ukivaa kushoto watakuchinja kabla hujakaa. Hawataki kujua unaweza nini. Wanatazama mkanda."

"Basi niiache."

"Ukiiacha, umeificha. Watakuvua nguo kuitafuta, na Mwakio atarudi bila chumvi."

Righa akamwomba mama yake jambo moja. Alimwomba aurudishe ulimi wa ala, mnene, mgumu, kama wa wengine, ili hata mkono ukitaka usiweze.

Mkamburi akaitazama ile ala. Akamkumbuka Maghanga alivyoletwa nyumbani amelazwa juu ya mlango. Akasema ngozi ya ulimi inataka siku mbili kukauka, na watu wanaondoka sasa hivi.

Haikuwa kweli. Ulimi hukauka kwa nusu siku, na akiba ya ndimi kavu ilikuwa imening'inia ukutani nyuma yake. Righa aliziona. Akaifunga sime chini ya kwapa la kulia, mpini mbele, akatoka.

Mko nami?

Tuko nawe, twende.

Twende. Wanaume kumi na wanne walikaa juu ya majabali, saba hapa, saba kule. Wanawake, Mkamburi akiwamo, walikaa nyuma, mteremkoni, na vibuyu vya pombe. Makwapa yote kumi na manne ya kulia yalikuwa yamejaa. Kwanza walisemezana kwa heshima, kama watu waliovaa nguo mpya. Halafu pombe ikapita kidogo na utani wa zamani ukaanza kurudi. Mmoja wa Chini alimtazama Righa alivyo mrefu, akamwambia, "Wewe shemeji, usije ukaanguka mferejini. Utaziba, tutakosa maji misimu mingine miwili." Watu wakacheka. Mwakio akajibu kwamba Chini hawana haja ya maji, maana tangu wazaliwe hawajaoga. Wakacheka zaidi. Hata Mzee Kitawi alitabasamu.

Kitawi huyu alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, macho yamefifia. Alikaa mbele ya Righa, magoti karibu yagusane. Alikuwa amemwambia taratibu, kwa sauti ya chini, kwamba hamwombi amsamehe mwanawe. Anamwomba tu nyama ikiiva wakatiane. Righa alimjibu kwamba amesikia, baba. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti kama mama yake alivyomfundisha tangu utoto.

Ng'ombe akaletwa. Alikuwa dume mweusi, mnene, aliyelishwa na vijiji viwili. Watu wawili walimshika kamba. Labda alisikia harufu ya damu ya zamani pale kwenye mawe. Labda alichomwa na nzi. Alitikisa kichwa mara moja, kamba ikashika. Akatikisa mara ya pili, kamba ikalia. Akatikisa mara ya tatu, kamba ikakatika, na ng'ombe akaja mbio katikati ya mistari miwili, kichwa chini, akimwendea mzee aliyekuwa hamwoni.

Wanaume kumi na wawili walipeleka mikono kwenye mipini. Viwiko vikagonga mbavu. Ndiyo kazi ya desturi ile, kumchelewesha mtu, na siku ile iliifanya kazi yake vizuri sana.

Righa hakupeleka mkono. Mkono ulikwenda. Wa kushoto ukapita kifuani, ukashika, ukavuta, na ule ulimi mwembamba ukapasuka bila sauti. Sime ilipita shingoni mwa ng'ombe kutoka chini kwenda juu. Dume likaanguka miguuni mwa Kitawi, pembe moja ikachana shuka lake, damu ikamjaa viatuni.

Mtu mmoja wa Chini alianza kupiga makofi. Akapiga la kwanza. Akapiga la pili. La tatu hakulipiga, maana aliona watu hawamtazami ng'ombe. Wanatazama mkono. Kisha waliutazama mpini. Kisha walilitazama kwapa.

Kitawi aliinuliwa, akafutwa damu. Akauliza ni nani aliyemwua ng'ombe, akaambiwa. Akauliza sime ilikuwa wapi. Akaambiwa ilikuwa mahali pake, chini ya kwapa la kulia. Mzee akamgeukia Righa.

"Irudishe," akamwambia Righa.

Righa akairudisha.

"Itoe tena."

Righa angeweza kujifanya ameshindwa. Nimewaza sana juu ya hilo. Lakini alikuwa amechoka kuuficha ule mkono, na nadhani alidhani kwamba mtu aliyeokolewa atasikiliza. Akaitoa. Ilitoka kabla jicho halijapepesa. Kitawi akawaomba wengine nao wajaribu kwa mkono wa kushoto. Wakajaribu wote. Mikono yao ya kushoto ilikuwa ya kushikia bakuli. Ilipapasa, ndimi za ala zikang'ang'ania, mmoja akajikata kidole.

Hapo ndipo kweli tatu ziliposemwa.

Righa alisimama wa kwanza. "Nimevaa kama mlivyotufundisha. Sikuhamisha hata kidole. Mtu wa nchi hii anionyeshe nilipovunja desturi."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Kitawi akasimama wa pili, akiegemea fimbo. Alisema anamshukuru, maana bila yeye angekuwa maiti. Kisha akasema, "Lakini tangu asubuhi tulikaa mikono mitupu, watu kumi na watatu, na mmoja alikuwa na sime mkononi. Nilikaa nayo goti kwa goti. Naishi kwa sababu ya mkono huu, na kwa sababu ya mkono huu sitalala tena."

Hakuna aliyeweza kumkanusha.

Vijana wa Chini wakaanza kusema kwamba Juu walijua. Kwamba walimweka kijana wao pale makusudi, mbele ya mzee, wasubiri muda wa kuinua mikono. Walikuwa wanasimama. Mikanda ilikuwa inaanza kufunguliwa, sime zinashushwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila mtu alijua maana yake. Mwakio aliona chumvi inaondoka. Akapiga kelele kuelekea mteremkoni, akamwita mshona ala aje aseme kijiji cha Juu kilijua nini.

Mkamburi alishuka. Alimpita mwanawe, hakumtazama. Fikirini njia zilizokuwa mbele yake. Akisema kijiji kilijua, mwanawe atakuwa mmoja kati ya wengi, na vita inaanza palepale, na mwanawe yuko katikati yake. Akisema hakuna aliyejua, ala iko pale na ulimi wake umepasuka. Akasema lililobaki.

"Kijiji hakikujua. Nilijua mimi. Nilijua tangu ananyonya. Na ulimi wa ala hiyo niliupunguza kwa mikono yangu, kwa sababu mume wangu alikufa mtoto akiwa hatua mbili nyuma yake."

Kweli ya tatu hiyo. Vijana wa Chini wakaacha kushusha sime. Kijiji cha Juu kikawa safi. Na Righa akabaki peke yake katikati ya majabali, kama jino moja kinywani.

Mabishano yakaanza. Vijana wa Chini walitaka mkono ukatwe. Wa Juu walisema mtu ameokoa mzee, apewe ngozi ya ng'ombe na shukrani. Chini wakauliza ni nani kati yao atakubali kupita karibu na mtu huyo njiani, asijue lini ana amani na lini hana. Hata watu wa Juu walikuwa wameanza kujiuliza. Mmoja akakumbuka kwamba Righa alihudhuria harusi ya binti yake, amevaa kulia, amekaa karibu na bwana harusi. Mwingine akakumbuka mazishi. Waliendelea kukumbuka, na kila walipokumbuka walisogea nyuma kidogo.

Righa aliomba aruhusiwe kusema. Alisema yuko tayari tangu leo kuvaa kushoto katika amani, ili kila mtu awe salama. Wakamwuliza mgeni asiyemjua atafanya nini akimwona amevaa kushoto. Akasema basi asivae kabisa. Wakamwuliza asiye na sime ameificha wapi. Akasema basi ahame. Kitawi akatikisa kichwa. Alisema mwanawe mwenyewe alihama, na tangu hapo hawajui yuko nyuma ya kichaka gani. Mtu wa kuogopwa akiwa karibu ni afadhali kuliko akiwa mbali.

Kila neno lilikuwa na akili. Ndilo linaloniuma.

Basi Mwakio akasimama. Aliutazama ule mkono kwa muda, akatabasamu kama mtu aliyekiona kitu chake kilichopotea.

"Wenzetu wa Chini," akasema, "mmesema mkono huu ni sime. Nami nakubali. Sime ikiwa kali kupita kiasi, nani huivunja? Hatuivunji. Tunaitia alani."

Wakamtazama. Akafafanua. Hapatakuwa na damu siku ya suluhu, hapatakuwa na mtu wa kukatwa wala wa kufukuzwa. Ngozi ipo, ile ya ng'ombe aliyelala pale, ni mbichi, ni ya vijiji vyote viwili. Mkono wa kushoto wa Righa uvikwe ala, kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, ishonwe, ibaki hivyo. Atakula kwa kulia, atasalimu kwa kulia, atalima kwa kulia. Akamgeukia Righa, akamwuliza kwa upole, "Si ndivyo ulivyozoea?"

Mtu mmoja akacheka kwa nafuu. Mwingine akacheka. Vijana wa Chini wakakaa chini. Kitawi akasema ni uamuzi wa huruma, na nadhani alimaanisha. Hata wa Juu walimpiga Mwakio bega. Jambo lililoshindikana lilikuwa limepata njia, na watu wakipata njia hawapendi kuuliza inapita juu ya nani.

Wakauliza ni nani atakayeshona. Wakatazamana. Hapakuwa na haja ya kutazamana. Kila ala iliyokuwa pale, ya Juu na ya Chini, ilikuwa na mshono wa mtu mmoja.

Mkamburi aliwaambia neno moja la kazi. Alisema ngozi mbichi ikikauka hujivuta. Ikishonwa leo ikiwa imemtosha, baada ya siku tatu itaunyonya mkono, na baada ya mwaka hakutakuwa na mkono humo. Mwakio akasema basi aache nafasi ya kidole. Mtu wa Chini aliyewekwa kukagua akasema nafasi ya kidole ni nafasi ya mkono kutoka. Wakabishana kidogo. Kisha wakakubaliana isiachwe.

Alimkalisha mwanawe juu ya jiwe. Akaivuta ngozi, bado ina joto la ng'ombe. Akatia uzi wa mshipa kwenye sindano.

Alishona mstari wa kwanza, akauliza, "Inabana?"

"Bado, mama."

Alishona mstari wa pili. Mkaguzi wa Chini alikuwa ameondoka kidogo kwenda kuitazama nyama. Mkamburi akainama kama anakata uzi kwa meno, akamwuliza mwanawe kwa sauti ya pumzi iwapo asubuhi ile, alipoziona ndimi kavu ukutani na bado akavaa, alikuwa na nia mbaya juu ya Kitawi.

"Sijui, mama. Mkono ulitangulia. Kama ningepata muda wa kufikiri, sijui ningemkata nani."

Alishona mstari wa tatu. "Inabana?"

"Sasa inabana."

Mkaguzi akarudi, akajaribu kuingiza kidole pande zote, hakikuingia, akatikisa kichwa kukubali. Wanaume wakasimama wawili wawili, wakainua mikono ya kulia, wakachomoleana sime, wakakatiana nyama. Righa na Kitawi nao walikatiana. Kitawi alimkatia kipande kizuri cha mbavu, na kwa kuwa kijana alikuwa na mkono mmoja, akamlisha. Mfereji ukafunguliwa kabla ya jua kuzama. Chumvi ilipanda kesho yake.

Basi uamuzi ulikuwa huo: mkono wa kushoto wa Righa utiwe ndani ya ala, na ala isifunguliwe akiwa hai. Walioamua ni wazee wa vijiji viwili, kwa sauti moja, na hakuna aliyepinga. Aliyeutekeleza ni mama yake.

Ngano nimeitua. Mzigo huu haukuwa wangu, niliupokea njiani.

Tumeupokea.

Basi kila mtu aende nao kwake, nami nikapumzishe mabega.